Jinsi ya Kuikwepa Transfoma ya Bei Ghali

Umeshaamua, rafiki yangu. Utajiundia amplifaya ya gitaa ya valvu, na utaiundia papo hapo ulipo, iwe Nkubu, Maua au Runyenjes. Valvu umezihifadhi kwenye boksi la viatu, mbao za kasha unajua zitatoka wapi, na gitaa linangoja. Kilichobaki ni transfoma ya spika, na hapo ndipo wengi hukwama. Wanaangalia transfoma ya Hammond ya Kanada, wanapiga hesabu ya bei, nauli ya chuma kizito, ushuru na VAT ya asilimia 16, halafu wanafunga boksi na kurudi kwenye amplifaya ya dukani.

Usifunge boksi. Ipo njia ya mkato, na mafundi wameipita miaka mingi. Tutakwepa gharama, tutakwepa foleni ya kuagiza, na tutawakwepa wajuaji. Mambo matatu tu hatutayakwepa: hesabu ya mizunguko, pengo la chuma, na usalama wa waya. Hayo matatu ukiyaheshimu, mengine yote danganya kwa raha zako.

1. Jua kwanza unachokikwepa

Valvu ina volti nyingi na mkondo mdogo. Spika inataka kinyume chake: volti chache, mkondo mwingi. Transfoma husimama katikati kama gia ya lori linalopanda kutoka mto Thuchi, ikibadili mwendo kuwa nguvu ya kusukuma.

Namba za kukariri ni chache. EL84 moja, ikipewa volti 250 na kupitisha miliampea 48, inataka kuona mzigo wa omu 5,200 hivi, na itakupa kama wati 5.7. 6V6 inataka omu 5,000 na kutoa wati 4.5. ECL82, ile valvu ya redio na gramafoni za zamani, inataka kama omu 5,600 na kutoa wati 3.5. Kwa hiyo ukishika omu elfu tano na kitu kichwani, umezihudumia zote tatu.

Sasa hesabu yenyewe. Gawanya volti za upande wa valvu kwa volti za upande wa spika. Jibu lizidishe kwa lenyewe. Kisha zidisha kwa omu za spika. Hesabu yote ni hiyo. Atakayekuambia unahitaji kompyuta anataka kukuuzia kompyuta.

Wala usikeshe ukitafuta namba kamili. Spika iliyoandikwa omu 8 ukiipima kwa mita itasoma 6 au 7, na ikianza kuimba omu zake hupanda na kushuka kila noti inapobadilika. Ukikosea kwa robo nzima, gitaa litaimba tu. Usahihi wa kupindukia ni fahari, na fahari tutaitafutia mahali pake baadaye.

2. Anza na redio ya nyanya

Njia fupi kuliko zote imekaa sebuleni, chini ya kitambaa cha kufuma, na juu yake pana picha ya harusi. Redio ya valvu ya Philips, Grundig, Pye au Bush ina kila kitu unachohitaji: transfoma ya umeme, valvu ya kutoa sauti, na transfoma ya spika iliyotengenezwa kwa ajili ya valvu hiyo hiyo. Kiwandani walishakumalizia hesabu.

Kama redio bado inaimba, iache iimbe. Kitu kizima kikifanya kazi yake hakivunjwi. Ikiwa imekufa na kasha limeliwa na mchwa, zungumza na mwenyewe kwa adabu, na umwambie wazi unaitaka ya nini. Mpelekee redio mpya ndogo inayoshika Muuga FM au Wimwaro FM. Yeye atapata stesheni ya lugha yake bila mikwaruzo, wewe utapata chuma. Nyote wawili mtalala, kila mmoja akiamini amempunja mwenzake, na biashara ya namna hiyo ndiyo hudumu.

Ukiifungua, transfoma ya spika utaitambua upesi. Ni ndogo, mara nyingi imefungwa karibu na spika yenyewe, ina waya mbili nyembamba zinazokwenda kwenye valvu na waya mbili nene zinazokwenda kwenye spika. Pima kwa mita: upande mwembamba husoma omu mia kadhaa, upande mnene husoma chini ya omu moja. Ukisoma hivyo pande zote mbili, iko hai. Mita ikikaa kimya upande mwembamba, waya umekatika ndani, na hapo usipoteze machozi. Songa mbele hadi hatua ya 4.

3. Soma herufi ya kwanza ya valvu

Kabla hujaondoa chochote ndani ya redio, soma jina la valvu. Likianza na E, kama EL84 au ECL82, kwa kawaida uko salama: valvu hizo huwashwa kwa volti 6.3 kutoka kwenye transfoma ya umeme. Likianza na U, kama UL84 au UCL82, simama. Redio hizo mara nyingi hazina transfoma ya umeme kabisa. Waya wa ukutani umeungwa moja kwa moja kwenye chesisi, na plagi ikigeuka, chesisi yote ina volti 240.

Msikilizaji wa redio hakugusa chesisi. Alishika vifundo vya plastiki. Mpiga gitaa hushika nyuzi za chuma, na nyuzi hizo zimeungwa na chesisi. Kwa hiyo toa transfoma ya spika ukipenda, lakini mpangilio wa umeme wa redio hiyo usiuige hata kidogo. Amplifaya yako iwe na transfoma yake ya umeme, fyuzi, na waya wa ethi uliofungwa kwa skrubu kwenye chesisi.

4. Pita kanisani

Hapa ndipo penye mkato mtamu kuliko yote. Zile spika za honi juu ya paa la kanisa, msikiti au gari la kampeni, nyingi huwa na transfoma ndogo ndani ya kifuniko cha nyuma, au pembeni ndani ya kisanduku chake. Kazi yake ni kupokea laini ya volti 100 kutoka kwa amplifaya ya Ahuja au TOA na kuishusha hadi omu chache za honi. Honi hupigwa na mvua, hupasuka, hushushwa, hutupwa stoo. Transfoma yake hubaki nzima.

Nenda asubuhi, umtafute anayetunza vyombo. "Habari ya asubuhi, mzee. Naona honi ya zamani ilishushwa. Ndani yake kuna kitransfoma kidogo. Naomba mniuzie, na siku ya kufunga spika mpya nitakuja kusaidia kupanda juu." Ukishataja kupanda juu ya paa, bei hushuka yenyewe.

Transfoma hiyo imeandikwa wati badala ya omu, na wengi huiacha kwa sababu hiyo. Wewe usiiache. Chukua 100 mara 100, yaani 10,000, ugawanye kwa wati zilizoandikwa. Wati 10 ni omu 1,000. Wati 5 ni omu 2,000. Wati 2.5 ni omu 4,000. Wati 1.25 ni omu 8,000. Na ukikuta ncha ya wati 2, hiyo ni omu 5,000 kamili, kana kwamba waliitengenezea 6V6 yako.

Sasa sogea karibu nikuonyeshe utamu wenyewe. Valvu mbili za EL84 zinazopokezana kazi zinataka omu 8,000 kutoka anodi hadi anodi, na waya wa katikati wa kuingizia volti. Transfoma ya honi haina waya wa katikati, au ndivyo inavyoonekana. Omu hufuata mizunguko ikizidishwa kwa yenyewe, kwa hiyo nusu ya mizunguko ni robo ya omu. Robo ya 8,000 ni 2,000. Na 2,000 ni ile ncha ya wati 5. Basi ncha ya wati 5 ndiyo katikati! Unga anodi moja kwenye ncha ya pamoja (COM), anodi ya pili kwenye ncha ya wati 1.25, na volti zako kwenye ncha ya wati 5. Umepata transfoma ya valvu mbili kutoka kwenye takataka za kanisa.

Usiikamue kupita wati zake. Jozi ya EL84 kwa volti 250 hutoa kama wati 11, na transfoma ya wati 10 hubeba hiyo bila kulalamika, maana gitaa halipigwi kwa nguvu zote kila sekunde. Ukipanda hadi volti 300, valvu zitatoa wati 17, na hapo tafuta honi kubwa zaidi.

5. Kama kanisa limekunyima, nenda kwa adapta nzito

Umeme unaotoka Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, kule Mto Tana unakopita kusini mwa Embu, hufika kwako kwa hezi 50. Transfoma yoyote ya umeme imesukwa kumeza hezi 50 usiku na mchana. Uzi mnene kuliko zote wa gitaa hutoa hezi 82. Maana yake ni kwamba chuma cha transfoma ya kawaida kimeshafuzu mtihani wa besi kabla hujakigusa. Kwa juu, spika ya gitaa yenyewe huchoka ikifika kama hezi 5,000, kwa hiyo hakuna atakayesikia kilichopotea huko.

Tafuta transfoma ya volti 240 kwenda volti 9 au 12: adapta nzito za zamani, chaja za betri ndogo, vifaa vya ofisi vilivyostaafu, au mpya kutoka maduka ya Luthuli Avenue ukifika Nairobi. Kipimo cha haraka ni uzito. Ikiwa nyepesi mkononi, ndani hakuna chuma cha kukufaa. Chaja za simu za siku hizi ni za namna hiyo, zirudishe mezani. Kwa amplifaya ya valvu moja ya wati 5, chagua transfoma ya VA 20 au zaidi. Chuma kikubwa husamehe makosa; kidogo hukushtaki mbele ya watu.

6. Tano za kukimbia

Hizi usizijaribu hata kama umepewa bure.

Ya kwanza ni kile kisanduku cha kushusha 240 hadi 110 ambacho ndugu walileta na vyombo kutoka Marekani. Nyingi zake zina koili moja inayotumiwa na pande zote mbili. Ukiiweka kwenye amplifaya, volti za valvu zitafika kwenye spika na kwa mtu atakayegusa spika. Ya pili ni stabilaiza ya friji, kwa sababu hiyo hiyo. Kipimo ni rahisi: weka mita kati ya upande wa valvu na upande wa spika. Mita ikionyesha njia yoyote, achana nayo.

Ya tatu ni ya maikrowevu. Hiyo hutoa volti elfu mbili na zaidi, na mkondo wa kutosha kumaliza mtu mara moja. Ya nne ni ile ya mviringo kama andazi, kwa amplifaya ya valvu moja. Mkondo wa valvu utaijaza sumaku na sauti itakufa. Kwa jozi ya valvu zenye mkondo sawa inaweza kukufaa.

Ya tano iko juu ya nguzo. Transfoma ya kijiji ikifunguliwa ili iibwe mafuta na shaba, posho mili inasimama, zahanati inalala gizani, na kiwanda cha kahawa kinaachwa na buni mbichi. Wizi huo na uharibifu wa milingoti ya umeme ndio ulioifanya serikali, mwanzoni mwa 2022, kusimamisha biashara yote ya chuma chakavu kwa miezi kadhaa. Kwa hiyo ukinunua waya wa shaba au transfoma kwa mtu wa chuma chakavu, nunua kwa mwenye leseni na uombe risiti. Mkato wetu ni wa heshima. Hauzimi taa ya mtu.

7. Pima kabla ya kuamini maandishi

Maandishi ya adapta ni ahadi ya muuzaji. Transfoma iliyoandikwa volti 12 hutoa 13 na kitu ikiwa haina mzigo, na hiyo ya bila mzigo ndiyo inayoeleza mizunguko ya kweli.

Njia salama ni kuingiza volti kidogo upande wa valvu. Chukua transfoma nyingine yoyote inayotoa volti 12 za AC, uziingize upande mwembamba wa transfoma unayoipima, kisha usome upande mnene. Tuseme umesoma volti 0.48. Gawa 12 kwa 0.48 upate 25. Zidisha 25 kwa 25 upate 625. Zidisha kwa spika ya omu 8 upate 5,000. Hapo unaweza kupiga makofi, umeshapata transfoma ya 6V6.

Usigeuze. Volti hizo 12 ukiziingiza upande wa spika, transfoma hiyo hiyo itatoa volti 300 upande wa pili, na vidole vyako viko hapo hapo.

8. Hesabu ikikataa, badilisha spika

Wengi hapa hutupa transfoma. Wewe tupa wazo kwamba spika lazima iwe omu 8. Tuseme adapta yako ya volti 12 imesoma 13.5 bila mzigo. 240 ukigawa kwa 13.5 ni 17.8, na ukizidisha kwa yenyewe ni 316. Kwa spika ya omu 8 unapata omu 2,500, ambazo ni chache mno. Lakini unga spika mbili za omu 8 moja baada ya nyingine, ziwe omu 16, na jibu ni omu 5,056. Umepata ulichotaka, na kasha lenye spika mbili huonekana la mtu mwenye hela.

9. Mpe chuma pengo

Hili ndilo jambo la pili tusilolikwepa. Katika amplifaya ya valvu moja, mkondo wa moja kwa moja hupita kwenye koili saa zote, na hugeuza chuma kuwa sumaku iliyoshiba. Chuma kilichoshiba hakibebi besi. Dawa yake ni pengo dogo kati ya vibati vya umbo la E na vile vya umbo la I. Transfoma ya spika ya redio ina pengo hilo tayari. Transfoma ya umeme na ya honi hazina, kwa sababu vibati vyake vimepishanishwa.

Kwa jozi ya valvu zinazopokezana, pengo halihitajiki. Mikondo miwili huvutana na kufutana. Pima tu mkondo wa kila valvu uone zinakaribiana.

Kwa valvu moja, fungua transfoma yenye boliti, si iliyochomelewa. Ipashe moto kidogo vanishi ilainike, toa kibati cha kwanza kwa uvumilivu, maana ndicho kigumu, na vingine vitafuata. Panga E zote upande mmoja na I zote upande wa pili. Katikati weka kipande cha karatasi ya kawaida ya ofisi, ambayo unene wake ni kama milimita 0.1. Kaza boliti. Karatasi ya ukurasa wa mwisho wa daftari la mtoto itatosha, besi itarudi.

10. Ikaushe kabla ya kuipa volti

Machi hadi Mei, na tena Oktoba hadi Desemba, hewa ya huku kwetu mlimani hubeba maji. Transfoma iliyolala stoo miaka mingi ina karatasi ndani, na karatasi hunywa unyevu. Ukiipa volti 250 ikiwa mbichi, cheche itatafuta njia.

Mkato wake ni sanduku la kulelea vifaranga. Balbu ya joto inayowalea itakausha koili usiku kucha bila kuiunguza. Asubuhi, mwombe fundi wa umeme wa nyumba akusomee kwa mashine yake ya volti 500, ile anayopimia waya za nyumba. Kati ya koili na chuma, na kati ya koili na koili, unataka megaomu nyingi. Ikishuka chini ya megaomu 1, usibishane nayo. Ikipita, ipake vanishi ya mota ambayo mafundi wa kusuka mota wanayo, ikauke, na umeifungia mvua mlango.

11. Adabu za kuwasha

Usiwashe amplifaya ya valvu bila spika. Kwa amplifaya ya transistari hilo ni jambo dogo. Kwa valvu, nguvu ikikosa pa kwenda hurudi kwenye koili kama volti kubwa na kutoboa waya. Unga rezista ya omu 220 ya wati 5 sambamba na soketi ya spika. Itakulinda siku mtu atakapojikwaa kwenye waya katikati ya wimbo.

Ukizima, bado hujazima. Kapasita kubwa hushikilia mamia ya volti hata plagi ikiwa mkononi mwako. Zimwage kwa rezista, kisha pima, kisha shika. Na mkono mmoja uweke mfukoni ukiwa unapima kitu kinachowaka.

Waya ule wa kurudisha sauti nyuma kutoka spika hadi valvu ya mwanzo, ambao michoro mingi inao, uache. Transfoma za kuokoteza hazipendani nao, na amplifaya hupiga mluzi. Vox AC30, amplifaya ya Uingereza iliyojaza kumbi za miaka ya 1960, haina waya huo na hakuna aliyedai fedha zake.

12. Sasa fahari

Watu husikiliza kwa macho, na hakuna ubaya wowote. Wape cha kuona. Transfoma ya honi iliyopakwa rangi nyeusi isiyoungua haitofautiani na ya bei, na rangi hiyo huzuia kutu, kwa hiyo kila mtu amefaidi. Ipandishe juu ya chesisi ionekane, isijifiche chini. Valvu ziweke mbele nyuma ya wavu, mwanga wake wa chungwa uonekane jioni. Transfoma ya umeme na ya spika zigeuze zikae kwa pembe mraba. Zinapendeza hivyo, na mvumo unapungua.

Usiandike Fender juu yake. Andika jina lako na la kijiji chako, kwa herufi kubwa. Fender Champ yenyewe, amplifaya ya wati 5 hivi ambayo wapiga gitaa duniani wanaitafuta, ilijengwa kwa transfoma ndogo ya bei nafuu kwa ajili ya wanafunzi. Udogo wa chuma chake ni sehemu ya sauti inayosifiwa.

Mjuaji akija na kuuliza transfoma imetoka wapi, mjibu hivi: "Imechaguliwa kwa hesabu." Kisha piga noti moja ndefu. Mazungumzo yataishia hapo.

13. Ukishindwa, shindwa vizuri

Besi ikiwa nyembamba, chuma ni kidogo au pengo halijakaa. Piga benga nayo. Gitaa la solo la benga huishi juu shingoni. Uzi mwembamba kwenye kizuizi cha 12 ni hezi 659, na kule chuma kidogo hung'aa. Juu ikiwa nzito na yenye ukungu, mpe mpiga mugithi anayebeba besi kwa kidole gumba akiimba, atakushukuru. Sauti ikiwa ndogo kuliko ulivyotarajia, rudi hatua ya 8 ukabadilishe omu za spika. Gitaa la besi usilipeleke hapo kabisa, maana uzi wake mnene ni hezi 41, na hiyo ni kazi ya chuma kikubwa zaidi.

Kushindwa kubaya ni kumoja tu: harufu ya vanishi inayoungua. Ukiinusa, chomoa plagi kwanza, uliza maswali baadaye.

Basi kazi imebaki kwako. Transfoma haijui kama ilizaliwa Kanada au ndani ya honi ya kanisa. Inajua mizunguko, chuma na pengo. Redio za valvu na honi za zamani bado ziko kwenye stoo za Meru na Embu, na kila moja inayofika kwenye mizani ya chuma chakavu huyeyushwa iwe kilo za shaba. Leo jioni uliza nyumbani, kesho asubuhi pita kanisani, na uiokoe moja kabla haijapimwa.